Kifurushi kimepanda bei tena: ushuke, uhame, au uende chaneli za bure?

Ujumbe wa kampuni huwa mfupi. Kuanzia tarehe fulani kifurushi chako kitalipiwa kwa bei mpya, asante kwa kuendelea kuwa mteja wetu. Chaneli ni zilezile, dishi ni lilelile, kilichoongezeka ni kiasi cha kulipa. Katika nyumba nyingi za Tanzania ujumbe huo unakuta kodi na ada ya shule tayari ziko mlangoni, na mjadala wa sebuleni unaanza: tuendelee kulipa, tushuke kifurushi, tuhamie king'amuzi kingine, au tuache kabisa?

Jibu moja la kuwafaa wote halipo. Nyumba ya shabiki wa Arsenal na nyumba ya bibi anayengoja taarifa ya habari ya saa mbili usiku haziwezi kupewa ushauri mmoja. Hapa nimeweka njia tano ambazo watu wanazitumia kweli, na kila moja nimeipima kwa vipimo vilevile, ili uone ipi inakaribia maisha ya nyumba yako.

Kwanza tujue kinachozipandisha bei hizi, maana kinasaidia kukisia kama zitashuka. Haki za kuonyesha mpira wa Ulaya hununuliwa kwa fedha za kigeni. Nafasi kwenye setilaiti nayo hukodiwa kwa dola. Wewe unalipa kwa shilingi, na shilingi ikiyumba, pengo linahamia kwenye kifurushi chako. Juu yake kuna VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, na bajeti ya 2022/23 ilikuja hata na pendekezo la tozo kwenye malipo ya ving'amuzi. Wakati huohuo wateja wanaondoka: MultiChoice, kampuni yenye DStv, ilifunga mwaka wa fedha wa Machi 2025 ikiwa na wateja wapatao milioni 14.5 barani, baada ya kupoteza kama milioni 2.8 katika miaka miwili. Septemba mwaka huohuo ikawa mali ya Canal+ ya Ufaransa. Kampuni inayokimbiwa na wateja hutafuta namna ya kuwarudisha, ndiyo maana ofa za kurudi na punguzo la vifaa zimekuwa nyingi. Usilipe bei mpya kabla hujapiga simu huduma kwa wateja na kuuliza ofa iliyopo.

Vipimo vya kutumia

Cha kwanza ni fedha, na ihesabiwe kwa mwaka, isiwe kwa mwezi. Bei za vifurushi sitaziandika, kwa kuwa hubadilika haraka kuliko makala. Namna ya kuzipiga hesabu ndiyo haibadiliki. Tuseme sasa unalipa 30,000 kwa mwezi, na jirani anakuambia kwao ni 20,000. Kuhamia kwao kunataka king'amuzi kipya, waya na fundi, tuseme 100,000. Mwaka wa kwanza hapo ulipo utatumia 360,000. Ukihama utatumia 340,000. Umeokoa 20,000 tu, na pengine umepoteza chaneli uliyoipenda. Kuanzia mwaka wa pili ndipo unaokoa 120,000. Kama una uhakika wa kukaa miaka mitatu, hama. Kama unasubiri uhamisho wa kazi au una wasiwasi na mwenye nyumba, hesabu ni nyingine.

Cha pili, nani anaangalia nini. Chukua karatasi uibandike kando ya TV kwa wiki mbili, kila mtu aandike chaneli aliyoangalia. Wengi wanalipia orodha ndefu na kuishi kwenye chaneli chache zilezile, na baadhi ya hizo chache ni za bure. Zoezi hili ni dogo, lakini ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote yaliyomo humu. Lifanye kabla ya kumwita fundi.

Cha tatu ni mvua, umeme na mtandao wa mahali ulipo. Cha nne, uhuru wa kusimama: mwezi ambao mfuko umekauka, unabaki na nini kwenye kioo? Na cha tano, ambacho husahaulika, ni nani atakayeshika rimoti. Njia nzuri kwa kijana wa chuo inaweza kuwa mateso kwa mzee.

Njia ya kwanza: baki na dishi lako, shusha kifurushi

*Fedha.* Gharama ya kuanzia ni sifuri, na hiyo ndiyo nguvu yake. Vifaa unavyo, fundi humhitaji. Ving'amuzi vyetu vingi ni vya kulipia kabla, hakuna mkataba wa mwaka unaokufunga, kwa hiyo unaweza kushuka mwezi huu na kupanda mwezi ujao. DStv kwa Tanzania ina ngazi kuanzia Poa na Bomba, kupitia Shangwe na Compact, hadi Premium, na bei ya ngazi ya juu ni mara kadhaa ya ile ya chini. Ombi la kushuka lipeleke kabla siku zako hazijaisha, lisije likagongana na malipo.

Wapenzi wa mpira wa Uingereza wana nafasi ambayo hawaitumii. Ligi hiyo huanza Agosti na kumalizika Mei. Juni na Julai hakuna mechi, na bado watu wanalipia kifurushi kikubwa kwa mazoea. Kushuka miezi hiyo miwili tu kunarudisha hela ya maana. Vilevile, ukichelewa kulipa kwa siku kadhaa, mara nyingi mwezi mpya huhesabiwa tangu siku uliyolipa. Ulizia kama kampuni yako inafanya hivyo, halafu panga malipo yaangukie wiki yenye mechi, yasipotelee kwenye mapumziko ya timu za taifa.

*Unachokiona.* Mechi kubwa hukaa kwenye ngazi za juu, na ngazi za chini hupata baadhi tu. Usikisie. Fungua ratiba ya wiki tatu zijazo, tazama mechi za timu yako zimepangwa chaneli gani, kisha angalia chaneli hizo zimo katika kifurushi kipi. Kuna watu wamelipia ngazi ya kati kwa mwaka mzima wakidhani mpira wote umo.

*Mvua na umeme.* Dishi dogo linapokea mawimbi ambayo mvua kubwa huyakata. Wakati wa masika, wingu zito likipita juu ya nyumba, king'amuzi cha DStv kinaandika E48-32, maana yake hakipati mawimbi, na mvua ikipungua picha inarudi yenyewe. Isiporudi, kagua kwanza kile kiungio cha waya nyuma ya LNB, yaani kile kichwa kidogo cha kupokea mawimbi kwenye mkono wa dishi. Maji yakiingia pale, shaba ya katikati inapata kutu ya kijani, na picha inasumbua hata siku ya jua. Kukata kipande kilichooza na kufunga kiungio kipya ni kazi ndogo sana, kwa hiyo fundi akikimbilia kukuuzia LNB mpya kabla ya kupanda kukitazama, mwombe apande kwanza.

*Ukisimama kulipa.* Hapa ndipo penye udhaifu. Siku zikiisha inakuja E16, na chaneli za kulipia zote zinafungwa. Kinachobaki wazi hutegemea kampuni na leseni yake, jambo nitakalolirudia kwenye antena.

*Inamfaa* mwenye vifaa vizima na mtu mmoja nyumbani mwenye mapenzi makubwa na michezo ya nje au makala za wanyama na sayansi, ambazo njia nyingine hazimpi kwa wingi huo.

Njia ya pili: hamia king'amuzi kingine cha bei nafuu

Kwa Tanzania mazungumzo haya huishia kwenye Azam TV na StarTimes. Azam ilianza kurusha matangazo mwishoni mwa 2013 chini ya Bakhresa, na StarTimes iliingia kwa ubia na TBC wakati wa kuhama kutoka analojia kwenda dijitali. Zote mbili zina king'amuzi cha dishi na cha antena, kwa hiyo ukienda dukani sema wazi unataka kipi. Ukirudi na cha antena huku kwenu mawimbi ya mnara hayafiki, umenunua pambo.

*Fedha.* Gharama ya kuanzia ipo, lakini si lazima iwe kubwa kama unavyoambiwa dukani. Ukiwa Dar es Salaam, tembea mtaani utazame mapaa. Madishi ya Azam yamegeuzwa magharibi, kwa sababu setilaiti yake iko kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki na sisi tuko karibu nyuzi 39. Ya DStv yameinuka zaidi, yanatazama karibu utosini, kwa sababu setilaiti yake iko nyuzi 36. Dishi lenyewe ni bati lililopinda. Halijui ni la nani. Fundi anayejua kazi analilegeza, analigeuza upande mwingine, anasoma asilimia za nguvu na ubora wa mawimbi kwenye kioo mpaka zipande, anakaza. Ulichohitaji ni king'amuzi tu, na mara nyingi hata LNB ya zamani inatumika. Muulize kabla: "Fundi, hili nililonalo halifai?" Swali hilo peke yake linaweza kukuokolea hela ya dishi jipya.

StarTimes ina jambo moja ambalo watu wa kipato cha kila siku wanalifurahia: unaweza kulipia kwa siku au kwa wiki. Kwa mwendesha bodaboda au mama lishe anayeshika hela kidogokidogo, hilo ni la maana kuliko punguzo la kifurushi cha mwezi asichoweza kukilipa kwa mkupuo. Tahadhari ni kwamba siku thelathini zikilipiwa moja moja huzidi bei ya mwezi. Ni njia ya wiki ngumu, isigeuke utaratibu wa mwaka.

*Unachokiona.* Kama moyo wako uko Simba, Yanga, Azam FC au Singida, mazungumzo yanaishia hapa. Mwaka 2021 TFF, shirikisho letu la soka, na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Hakuna kifurushi kikubwa cha kampuni nyingine kitakachoziba nafasi hiyo. Kuna pia tamthilia nyingi zilizotiwa sauti za Kiswahili, za Kituruki na Kihindi kwa Azam, za Kichina kwa StarTimes, na mtu asiyedharau kinachowapendeza wenzake nyumbani atajua kwamba saa hiyo ya tamthilia ndiyo inayolipiwa hasa. Anayefuata Ligi Kuu ya Uingereza wiki kwa wiki atabaki na kiu. Hiyo iko SuperSport, ndani ya DStv.

*Mvua na umeme.* Kwa dishi, hali ni ileile ya njia ya kwanza. Kwa antena, soma njia inayofuata.

*Ukisimama kulipa.* Muulize muuzaji akuonyeshe palepale dukani king'amuzi kisicholipiwa kinabakiza chaneli zipi. Asikueleze kwa mdomo, akiwashe.

*Inamfaa* familia yenye watazamaji wa aina tofauti, mpira wa nyumbani na tamthilia, inayotaka malipo ya wastani bila kuacha TV. Msomaji wa Kenya au Uganda ana mlango mwingine hapa: GOtv, king'amuzi cha antena cha MultiChoice, ambacho Tanzania hakipo.

Njia ya tatu: antena na chaneli za bure

Tulipoambiwa analojia inazimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, wengi walielewa kwamba TV imekuwa kitu cha kulipia. Sivyo ilivyokusudiwa. Vituo kama TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV, EATV na Clouds TV vina leseni ya kuonwa bila malipo ya mwezi. Mwaka 2018 jambo hili lilizua mvutano mkubwa: wananchi walilalamika kwamba kifurushi kikiisha na chaneli za ndani zinakatwa, na TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ikasema ving'amuzi vya DStv, Azam na Zuku havikuwa na leseni ya kubeba chaneli hizo za bure. Kwa muda zikaondolewa humo kabisa, mpaka kanuni zilipokuja kurekebishwa. Nalitaja hili kwa sababu ni haki ya mtazamaji, na haki isiyojulikana hupotea kimyakimya. Ukiona king'amuzi chako cha antena kinafunga hata chaneli za bure baada ya siku kuisha, lalamika kwa kampuni kwanza, uandike tarehe na jina la aliyekupokea, na usiposikilizwa peleka TCRA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kumsemea mtumiaji.

*Fedha.* Unanunua antena, na king'amuzi kama TV yako haina cha ndani, basi. TV nyingi mpya zinakuja na kipokezi cha dijitali. Angalia kwenye boksi au nyuma ya TV kama kuna maandishi DVB-T2. Ukiyakuta, chomeka antena, amuru TV itafute chaneli, uone inapata nini kabla ya kununua chochote cha ziada. Mwezi unaofuata hulipi, wala mwaka unaofuata.

*Unachokiona.* Habari, mijadala, muziki, ibada, vipindi vya watoto vichache, na mara nyingine mechi za Taifa Stars au mashindano makubwa pale kituo cha bure kinapopata haki. AFCON ya 2027 itachezwa kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda, na ni busara kufuatilia mapema ni kituo gani cha bure kitapewa mechi zipi, kabla hujashawishika kupandisha kifurushi kwa ajili yake.

*Mvua na umeme.* Mvua haisumbui sana. Kinachosumbua ni umbali na milima. Zamani mawimbi yakiwa dhaifu uliona chenga lakini ulifuata mpira. Sasa picha huwa safi, au hukatika vipande na kunyamaza. Antena ya ndani inatosha ukiwa karibu na mnara. Ukiwa pembeni ya mji, mlingoti wa nje na kugeuza antena kidogokidogo hubadilisha kila kitu. Njia ya haraka ya kujua ni kubisha kwa jirani mwenye antena na kutazama TV yake dakika tano.

*Ukisimama kulipa.* Hakuna cha kusimamisha.

*Inamfaa* anayetaka habari na TV ya kuwepo tu nyumbani, mwenye kipato kisichotabirika, na mzee asiyependa kusumbuliwa na malipo. Inafaa pia kama njia ya akiba pembeni ya nyingine yoyote, na kwangu hiyo ndiyo nafasi yake nzuri zaidi: kila nyumba iliyo karibu na mnara iwe nayo, hata yenye Premium.

Njia ya nne: dishi la chaneli za bure

Hili ni dishi pamoja na kipokezi kisicho cha kampuni yoyote. Unalipa mara moja, unapokea chaneli zilizoachwa wazi angani.

*Fedha.* Kuanzia ni ghali kidogo kuliko antena, hasa ukitaka dishi kubwa la futi 6 au 8. Kila mwezi ni bure. Ila weka akiba ya fundi, kwa sababu chaneli huhama na masafa hubadilika. Usipojua kusachi upya mwenyewe, utamwita mara kwa mara. Mwambie fundi akufundishe kusachi siku anayofunga, na umlipe kwa somo hilo.

*Unachokiona.* Habari za kimataifa, chaneli nyingi za dini, muziki, na vituo vya nchi mbalimbali, vingi si vya Kiswahili. Michezo mikubwa haimo, au inatokea na kufungwa. Usikubali orodha ya maneno. Nenda kwa mtu aliyefungiwa na fundi huyohuyo ukaone.

*Mvua na umeme.* Dishi kubwa hupokea mawimbi ambayo mvua haiyakati kirahisi, ndiyo sababu linastahimili masika kuliko madishi madogo. Linahitaji nafasi ya uwanja na msingi wa zege, na upepo mkali ukilisogeza kidogo tu, picha imekwenda.

*Inamfaa* mwenye nyumba yake na kiwanja, aliye mbali na minara, au familia inayofuata zaidi vipindi vya dini na habari za dunia. Mpangaji asihangaike nalo.

Njia ya tano: intaneti

*Fedha.* Hapa hesabu hugeuka kabisa kutegemea aina ya intaneti. Netflix yenyewe inaeleza kwamba picha ya kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na picha ya HD hadi GB 3. Mechi moja pamoja na mapumziko ni karibu saa mbili, yaani GB 2 kwa picha ya kawaida, GB 6 kwa HD. Nyumba inayoangalia saa nne kwa siku inahitaji kama GB 120 kwa mwezi kwa picha ya kawaida. Zidisha kwa bei ya bando lako uone: kwa bando la simu, TV ya familia kupitia intaneti karibu kila mara ni ghali kuliko kifurushi cha dishi. Kwa faiba isiyo na kikomo, kama ile ya TTCL iitwayo Faiba Mlangoni Kwako au za kampuni binafsi mijini, mambo yanageuka, kwa sababu unalipa kiasi kilekile uangalie saa moja au kumi. Kama tayari unalipia faiba kwa kazi au masomo, TV inakuja juu yake kwa gharama ndogo. Kenya, ambako Starlink ipo tangu 2023, hata walio mbali na faiba wanaweza kuifikiria.

*Unachokiona.* YouTube ina taarifa za habari na vipindi vya vituo vyetu vingi bila ada. Azam na DStv zote zina programu za kuangalia kwenye simu au TV, kwa kulipia. Faida ni kuchagua unachotaka na wakati unaotaka. Kwa mpira wa moja kwa moja kuna kuchelewa: jirani mwenye dishi atashangilia goli kabla yako.

*Mvua na umeme.* Umeme ukikatika, kipanga njia cha intaneti (ruta) kinazimika pamoja na TV. Ukiwa na simu yenye chaji, angalau habari unazipata.

*Ukisimama kulipa.* Programu nyingi unaziacha na kuzirudia upendavyo. Bando likiisha, kila kitu kinasimama.

*Inamfaa* kijana anayeishi peke yake, wenye faiba tayari, na mtu anayeangalia kidogo lakini kwa kuchagua. Kwa nyumba ya watoto wanne wenye simu moja ya kuunganishia mtandao, hapana.

Kando ya njia hizi tano kuna vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyesha mpira kwa kiingilio. Mtu anayetaka mechi tatu kubwa kwa mwezi, akilipa kiingilio cha 500 au 1,000 kila mara, ametumia sehemu ndogo sana ya kifurushi cha michezo. Changanya kibanda na antena nyumbani, na familia haikosi chochote. Na utakutana na mtu atakayekuuzia kifaa cha "kufungua kila kitu" kwa ada ndogo ya mwaka. Huo ni wizi wa haki za wengine, na ni hatari kwako pia: siku njia hiyo ikizibwa, ada imekwenda na huna ofisi ya kulalamikia.

Kwa hali yako

Ukiwa na dishi la DStv na mpira wa Uingereza ndio unaolipiwa, baki, lakini lipa kwa msimu: panda Agosti, shuka Juni. Mwezi ambao timu yako ina mechi chache kwenye chaneli zako, nenda kibandani.

Mpira wa nyumbani na tamthilia vikiwa ndivyo vinavyojaza ile karatasi ya wiki mbili, geuza dishi lililopo kwenda Azam badala ya kununua jipya, baada ya hesabu ya mwaka kuonyesha faida.

Kipato chako kikiwa cha siku kwa siku, chukua king'amuzi kinacholipiwa kwa wiki, na antena ya bure chini yake, ili wiki isiyo na hela isiwe wiki isiyo na taarifa ya habari.

Mpangaji wa chumba kimoja mjini asitoboe ukuta wa mwenye nyumba kwa dishi. Antena ya ndani na faiba ya kuchangia na wapangaji wenzake, kama ipo, vinamtosha.

Mwenye saluni au mgahawa aulize kifurushi cha biashara. Kifurushi cha nyumbani hakiruhusu kuonyesha wateja, na kampuni hukagua.

Na kama unamlipia mama au baba kijijini, usimchagulie kwa kutazama unachopenda wewe. Muulize anaangalia nini, uliza majirani zake dishi gani linashika vizuri pale, na fundi gani yuko karibu. Mfungie chenye rimoti moja, chaneli zake zipangwe mwanzo wa orodha. Namba ya king'amuzi iandike kwenye simu yako kabla hujaondoka, ili siku zikiisha umlipie ukiwa hukohuko uliko.